Taji la Lulu kwenye Vitenge

Hata kusimulia naona haya. Mwaka wa tisini na nane, kina mama wa kanisa letu Nairobi walinituma Guangzhou niwachapishie vitenge vya Bikira Maria. Walinipa postikadi ya kanisa la kale, kuta zimejaa picha za vijiwe vya rangi. Mimi, mjuaji, nikamchagua mama mwenye taji la lulu na duara la nuru kichwani. Kiwandani nikawafundisha mafundi kufanya ishara ya msalaba kabla ya kuchapa picha yake.

Mama Wanjiru, mwenyekiti wa kina mama, alipokuja kiwandani kukagua mzigo, aliigeuza postikadi.

“Kamau, hukusoma huku nyuma? Huyu ni mke wa mfalme! Bikira Maria ni yule pale juu pichani, mwenye mtoto.”

Nyuma yetu, mafundi walikuwa wakimfanyia malkia ishara ya msalaba.