Shimo la Wayua

Wayua hapendi wageni, na mimi jirani yake simlaumu. Ukame ulimmalizia ng'ombe wote, akabaki na mbuzi. Mvua iliporudi, ilirudi na hasira: mto ukabeba jiko lake, banda la kuku na shamba zima la pojo. Kila mara walikuja watu na kamera, wakampiga picha akiwa amesimama kwenye hasara yake, wakaenda zao.

Kilichombakia ni shimo lake la maji. Huku nyuma ya Mtito Andei, mto ukikauka tunachimba mchangani mpaka maji yachuruzike, tunazungushia miiba, kisha mwenye shimo anayaacha yatulie. La Wayua hutoa maji machache, lakini safi, unaona mpaka chini. Bila hayo mbuzi wanakufa, na yeye hana mali nyingine.

Sasa kuna huyu Amin, kijana wa Mombasa anayepokea watalii wa meli. Meli kubwa ikilala bandarini, anawaleta kwa basi kutazama ndovu Tsavo, na kabla ya kuwarudisha anawaonyesha maisha ya watu. Watu wenyewe ndio sisi. Hatukuulizwa.

Mchana mmoja aliwatangulia wageni wake mtoni, akatukuta mimi na Wayua na mbuzi wake, akachungulia shimoni, akanuna.

"Mama, mbona maji yenyewe masafi hivi?"

"Kwani ulitaka aje?" Wayua akamuuliza.

"Nimewaambia wageni kwamba watu wa huku wanywa tope. Nisaidie kidogo tu, kesho meli yaondoka."

Hakungoja jibu. Alisukuma miiba kwa kiatu, akaokota fimbo ya Wayua ya kuchungia, akakoroga mpaka maji yakawa uji wa udongo. Mbuzi walikuwa hawajanywa bado. Nilitamani kumtia mle ndani kichwa chini.

Wageni wakafika, simu mkononi. Amin akamshika Wayua begani, akawaambia kwa Kiingereza kwamba huyu ni nyanya yake mzaa mama, na haya ndiyo maji yaliyomlea. Mwongo asiye na haya! Wala hakujua kwamba Wayua alifanya kazi miaka mingi kwenye hoteli ya watalii, na kila neno alilisikia.

Wayua hakupiga kelele. Alichota kikombe cha bati kikajaa, akampa Amin kwa mikono miwili kama mgeni wa heshima. Kisha akasema kwa Kiingereza, polepole ili wote wasikie, kwamba kwetu mjukuu akitoka mbali hunywa kwanza maji ya nyanya yake.

Amin akacheka, lakini hakuna aliyecheka naye. Mama mmoja mzungu mwenye kofia pana akamhimiza anywe, asimvunje bibi moyo.

"Mama, tafadhali," Amin akanong'ona. "Nitaugua."

"Aiya! Ulipokuja ilikuwa safi. Kunywa."

Akanywa. Alifumba macho, koo likapanda na kushuka, tope likamtiririka kidevuni mpaka kwenye shati lake jeupe. Wageni wakapiga makofi na picha, wengine machozi yakiwatoka. Mimi sikumhurumia hata chembe.

Wayua alipokea kikombe, akatazama ndani kuhakikisha hakuna kilichobaki.

"Sasa peleka hiyo picha kwa meli yako," akamwambia. "Na urudishe miiba yangu vile ulipata."