Wifi Yangu Hali Ngano

Msinianze na habari za wifi yangu. Nimechoka kuulizwa kama anajikondesha, kama anaringa, kama ni mambo ya kuiga. Hali ngano kwa sababu inamuumiza, basi.

Mke huyu wa kaka yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Utotoni walimwita Unyuzi kwa wembamba wake. Alikula sana wala hakunenepa. Tumbo lilimvimba, akaharisha, damu ikapungua. Akapewa dawa za minyoo, akapewa za vidonda vya tumbo, na kila aliyemwonea huruma alimwongezea mkate. Alikuwa fundi kamili tayari ndipo daktari mmoja alipompima damu na kuchukua kinyama cha utumbo. Akamwambia kwamba ndani ya ngano na shayiri mna kitu, gluteni, kinachofanya mwili wake uushambulie utumbo wake wenyewe, na dawa ni kuacha kabisa. Akaacha. Mwaka haukuisha akawa anainua geti peke yake.

Ungedhani watu watafurahi. Thubutu! Jirani akasema huo ni ugonjwa wa matajiri. Mwingine akamshauri ale mkate wa brauni, kana kwamba ngano ikibadili rangi inabadili na tabia. Mwenzake wa karakana naye akaacha mkate ili apungue, akahamia biskuti zisizo na gluteni, anamaliza pakiti nzima na sukari yake yote, sasa anagombana na mizani.

Lakini mgumu kuliko wote alikuwa mama yangu. Mama anaoka keki za kuuza, na oveni yake ndiyo iliyotusomesha. Alimwambia kaka waziwazi, "Asiyekula kwangu si wangu." Kaka, na ndevu zake zote, akanywea.

Jumapili moja mama akaoka keki ya unga wa mchele. Sote tukashusha pumzi. Wifi alifurahi, nilimwona. Akapokea sahani, akauliza tu:

"Mama, sufuria ya keki umeipaka nini?"

"Siagi, na unga kidogo isigande. Kama siku zote."

"Unga upi?"

"Wa ngano. Lakini huo ni wa sufuria, mwanangu, si wa keki."

Mama hakuwa na hila. Mkono wake umenyunyizia sufuria unga maisha yake yote, na waokaji hawauhesabu unga huo. Wifi akairudisha sahani katikati ya meza.

"Kula hata kipande," kaka akanong'ona. "Kidogo hakiui."

"Haba na haba hujaza kibaba. Hata nisipougua leo, utumbo unaliwa."

Mama akasimama. "Kama chakula changu ni sumu, hapa unafuata nini?"

"Nakufuata wewe, mama. Nimeolewa humu, sikuolewa na keki. Jumapili ijayo nitakuja na chakula changu, sahani yangu na kisu changu, nitakaa kiti hiki hiki. Ukinifukuza, nitakula mlangoni. Ila ngano sili, na samahani siombi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti."

Hakuna aliyewahi kumjibu mama hivyo, mimi mwenyewe nikiwemo. Nilitaka kupiga makofi, nikaogopa.

Jumapili iliyofuata alikuja na bakuli lake la viazi. Mama alimmiminia chai. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki: mmoja amekaza uso, mwingine anatafuna.

Hadi siku alipoingia mteja kuchukua keki yake, mwanamke mwenye domo, akalichungulia lile bakuli.

"Huyu bado anajidekeza? Hebu nionje hivyo viazi vyake vya kifalme."

Akatwaa kisu cha kukatia keki, akanyoosha mkono. Mama akamdaka kiwiko kabla kisu hakijafika.

"Kisu hicho kina makombo. Huyo ni mwanangu, na bakuli lake haliguswi. Kama una haraka, keki yako hiyo hapo."

Mteja akatoa macho. Kaka akamgeukia mkewe, akingoja amwambie mama asante.

Wifi alichukua kiazi kingine. Hakushukuru. Ashukuru nini? Alikuwa anakula kwao.