Vyungu Viwili vya Edrine

Edrine alizaliwa Masaka, Uganda, mtoto wa fundi baiskeli, na hakuna kitu alichokipata hapa Juba ambacho mikono yangu haikukihangaikia kwanza. Nilipokuwa nauza nyanya sokoni Konyo Konyo na jua limenikaa utosini, yeye alikuwa kivulini mtaa wa Hai Jalaba akijifunza kompyuta. Watu humsifu kuwa ni mpole. Ni kweli. Hata kunifukuza alinifukuza kwa upole.

Kazi yake ni kumwambia Nyuon, mwenye stoo ya vyakula, malori ya nyanya yatafika lini kutoka mpakani Nimule. Mimi sikusoma, lakini kazi hiyo alinieleza mwenyewe, enzi za mapenzi yetu, kwa vyungu viwili na maharage ya jikoni kwangu.

"Mama Yafesi, lori litachukua siku ngapi, hakuna anayejua," alisema. "Kwa hiyo kwenye programu siandiki siku. Naandika chungu. Humu maharage mengi ni ya kesho, machache ya kesho kutwa. Lakini malori yakizuiwa yasubiri msafara wa ulinzi, chungu ni hiki kingine, na humu mengi ni ya siku tatu, nne."

"Na kompyuta inajuaje ichote wapi?"

"Naiandikia: kama kuna msafara, chota hapa; kama hakuna, chota kule. Inachota mara elfu, kisha inaniambia mengi yameangukia wapi."

"Na nani anaiambia kama kuna msafara?"

Akacheka, akanifinya shavu. "Wewe na dada yako."

Dada yangu Cissy anauza chapati pale madereva wanapopumzika mpakani, na kila jioni hunipigia simu.

Mwaka jana Edrine alimpata mwanamke mwingine, Flavia. Akampa na meza yangu ya sokoni, niliyoikalia tangu mwanangu Yafesi ananyonya, kwa kuwa tuliiandikisha kwa jina lake yeye mwanamume. Nikahamia mtaa wa Mangateen, nikawa natembeza nyanya kwenye beseni. Kanisani waliniuliza kama nimemsamehe. Nilitaka meza yangu, na nilitaka aaibike mbele za watu.

Naye, bila haya, aliendelea kupiga simu. "Mama Yafesi, habari za jioni? Cissy anasemaje? Kuna msafara?"

Nilimjibu ukweli kila mara, ili azoee kuniamini. Kisha Nyuon akaahidi nyanya za harusi kubwa ya kaka yake Jumamosi. Alhamisi Cissy akaniambia malori yote yamezuiwa, yanasubiri msafara.

"Hakuna msafara," nilimwambia Edrine. "Barabara iko wazi."

Kompyuta ikachota mara elfu kwenye chungu kisicho chake. Nyuon, kwa kuambiwa mzigo unafika kesho, akauza nyanya zote zilizokuwa stoo. Jumamosi wapishi wa harusi walikuta stoo tupu. Jumatatu malori yakaingia yote kwa pamoja, nyanya zimepondeka, maji yake yanadondoka njia nzima.

Nilijitwika beseni langu nikaenda stoo kutazama.

"Ulisema kesho!" Nyuon alimfokea Edrine mlangoni.

"Mzee, kompyuta..."

"Kompyuta ndiyo inaoa? Wageni wa kaka yangu wametafuna nyama kavu bila mchuzi! Ukikosea tena, khalas, yamekwisha, rudi kwenu ukazibe pancha na baba yako."

Wapagazi wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kwa sauti, ili anisikie.

Jioni Edrine alinifuata Mangateen. "Kwa nini umenidanganya?"

"Wewe uliandika 'kama' ya barabara tu. Mimi pia nina 'kama' yangu. Kama meza ni yangu, unachota ukweli. Kama meza ni ya Flavia, utachota utakachokikuta."

"Unaniharibia kazi, mama."

"Yangu ulianza wewe kuiharibu."

Wiki hiyo hiyo Flavia alibeba vikapu vyake bila kunitazama. Sasa nimekaa tena pale pale mezani pangu. Edrine bado hupiga simu kila jioni. Namjibu, naye huniuliza mara ya pili kabla ya kushukuru. Siku nyingi namwambia ukweli. Siku zipi, hilo hajapata chungu chake, na mimi simpi.