Hakuna Shati Lililorudi

Shangazi yangu hakuwahi kumrudishia mtu kazi mbovu. Watu wakimsifia, na wanamsifia sana, hilo ndilo wanalolitaja kwanza. Mimi wakilitaja nauma meno na kutazama pembeni, maana nikifungua mdomo tutagombana.

Tulikuwa karakana moja, ya kushona sare za shule. Chumba kirefu, madirisha upande mmoja, sakafu ya saruji imejaa vipande vya uzi, na vyerehani vimepangwa mstari kutoka mlangoni hadi ukutani. Mlangoni alikuwa mkataji. Akafuata dada wa mifuko, kisha mimi wa mikono, kisha fundi wa kola, kisha wa vifungo. Mwisho kabisa, chini ya taa, palikuwa na meza ya ukaguzi, na hiyo ilikuwa ya shangazi. Kwa mpango wa bosi, kazi yake ilikuwa nyepesi: ageuze shati ndani nje, apitishe macho kwenye mishono, zuri liende kwenye pasi, bovu limrudie aliyelishona. Huo ulikuwa mpango wa bosi. Shangazi alikuwa na wake.

Bovu halikurudi. Alilifumua mwenyewe, akalishona upya kwa cherehani kizee cha mkono alichokiweka chini ya meza, akalipeleka kwenye pasi kana kwamba halikuwa na neno. Mfuko umekaa upande, anaunyoosha. Kola ina ncha moja ndefu kuliko mwenzake, anaifumua. Wenzake wakitoka kwenda kula mchana, yeye anabaki, eti hana njaa. Hana njaa! Mwanamke ambaye akija kwetu Jumapili baba anaficha sufuria.

Kila mtu pale alimwita Shangazi, ingawa wa damu nilikuwa mimi tu. Walimpenda kweli, sitii chumvi. Asubuhi ungekuta mezani kwake chungwa limemenywa, au kikombe cha chai kimefunikwa na kisahani. Aliyeugua alimwambia yeye kwanza, mume baadaye. Hakuna aliyejiuliza kwa nini anampenda. Ni mtu asiye na baya, basi.

Sasa watu ambao kazi yao hairudi hugeuka mabingwa. Fundi wa kola, jamaa mnene, mcheshi, mpiga mluzi, alifikia kujiita Profesa, na sisi tukakubali. "Nitajieni kola yangu moja iliyowahi kurudi," alikuwa akisema, mikono kiunoni. "Moja tu!" Tukakuna vichwa. Hakuna. Dada wa mifuko alishona huku anasimulia harusi za watu, macho yako kwa anayesimuliwa. Bosi naye aliwaambia wateja, "Kwangu hakirudi kitu," akijipigapiga kifua. Karakana nzima ilikuwa imevimba kichwa, na mimi nikiwamo.

Niligundua siku niliyosahau kanga yangu ya kujifunika mvua. Nikarudi ndani saa ya chakula, nikamkuta shangazi ameinama, mapajani ana shati, anafumua mkono. Mkono ule niliujua kama ninavyoujua wa mwanangu.

"Shangazi, hiyo si kazi yangu?"

"Yako."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje? Una watoto, unachoka. Nenda kale."

"Na za Profesa je?"

"Wote, mwanangu," akasema, na alisema kwa fahari kabisa, kama mtu anayekuonyesha nyumba aliyoijenga. "Wote ninawashika mkono hapa."

Damu ilinichemka. Nilikuwa nimeshajiona fundi, kumbe ni mtu wa kubebwa. Nikamwambia angalau yangu anirudishie. Akasema sawa, na hakunirudishia hata siku moja.

Yote hayo yangebaki kichekesho cha kifamilia kama si macho. Alianza kugonga bega la kushoto kwenye milango. Akimimina chai, anaimwaga kando ya kikombe, halafu anakilaumu kikombe. Nikamkokota hospitali. Daktari wa macho akapima, akasema ni presha ya jicho, yote mawili, la kushoto ndilo baya zaidi. Akaeleza taratibu: ugonjwa huu unakula pembeni kwanza, mwenyewe hujui unachokosa kwa sababu hukioni. Dawa ya matone peke yake haitoshi, inatakiwa operesheni, na operesheni inalinda kilichopo, hairudishi kilichokwenda. Kwa hiyo asikawie.

Akakawia. Mwanzoni alisema tumalize oda ya kufungua shule. Ikaisha, ikaja nyingine. Kila nikimkalia kooni, alikuwa na jibu moja.

"Nikiondoka hapo mezani, wenzako watafukuzwa kazi mmoja mmoja. Unalitaka hilo?"

"Na ukipofuka?"

"Nipofuke wapi! Mimi nakagua mamia ya mashati. Kuna lililorudi?"

"Hakuna."

"Haya. Kama macho yangu ni mabovu, mbona mashati hayarudi?"

Hoja ilikuwa imenyooka. Hata bosi angeikubali, maana ndiyo hoja aliyokuwa akiwapa wateja. Ndiyo hiyo hiyo ya Profesa na kola zake, lakini wakati ule sikuliona hilo. Nilimwona tu mwanamke kichwa ngumu. Tulibishana hivyo hadi mwaka ukageuka.

Kisha yakarudi. Hayakurudi moja moja. Lilikuja gari la shule moja ya bweni, mteja wetu mkubwa na wa zamani, likashusha magunia mlangoni. Dereva akasema mlezi wa bweni tuliyemzoea ameenda likizo kumuuguza mama yake, na aliyeshika nafasi yake hayataki mashati haya. Bosi akafungua gunia, akatoa shati, akalitazama, akatoa jingine. Mifuko imekaa upande. Kola zina ncha ndefu na fupi. Mkono mmoja, ulikuwa wangu, umegeuzwa nyuma mbele. Loo, aibu iliyonishika, ningepata shimo ningeingia.

Bosi akazima umeme. Vyerehani vikanyamaza vyote kwa pamoja, akatuita mbele.

"Nani?" akauliza.

Profesa akakohoa. "Bosi, mimi kazi yangu kushona. Kuangalia ni kazi ya meza ya mwisho."

"Kweli," akasema dada wa mifuko, macho sakafuni. "Sisi tunajua likipita pale, limepita."

"Kama lilikuwa bovu, si tungerudishiwa?" akaongeza wa vifungo.

Wale wale wa machungwa na chai. Niliwatazama nyuso zao nikitafuta unafiki, ili nipate wa kumchukia, na sikuuona. Waliamini walichokuwa wakisema. Miaka yote ile hakuna aliyewaambia vinginevyo, wangejuaje? Hilo liliniudhi kuliko unafiki.

"Na kola aliishona nani?" nikamuuliza Profesa. "Ilijishona?"

"Kola zangu hazijawahi kurudi!" akapiga kelele, ameishika kola yake iliyopinda mkononi.

Ungecheka. Hakuna aliyecheka.

"Ni mimi, bosi," akasema shangazi kutoka nyuma. "Waache watoto."

"Hukuangalia?"

"Niliangalia." Akaja mbele, akachukua shati moja. "Sikuona."

Nilimfahamu shangazi tangu nikiwa mgongoni kwake, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kumsikia akiogopa. Hakuwa akimwogopa bosi. Alikuwa amelishika shati karibu na uso, analipeleka kulia, analirudisha kushoto, kulia, kushoto. Lilipofika kushoto mkono ukasimama. Kesho yake alikwenda hospitali bila kukokotwa.

Daktari alikuwa yule yule. Alipima kwa muda mrefu, akazima taa ya mashine, akavuta kiti. La kushoto limekwisha, alisema, hakuna la kufanya. La kulia tumeliwahi, limebaki na sehemu ya katikati, tulifanyie operesheni wiki hii hii. Shangazi akauliza kama angekuja pale alipoambiwa mwanzo ingekuwaje. Daktari akapangapanga vifaa vyake mezani. "Ungekuwa nalo," akasema.

Operesheni ilikwenda vizuri. Karakanani bosi alikagua mwenyewe, na mashati mabovu aliyarudisha kwa kuyarusha kutoka kule kule mezani, likikupata usoni shauri yako. Watu wakanuna, wakafumua, wakanuna tena. "Shangazi akirudi tutapumua," walikuwa wakiambiana. Walimtumia salamu na matunda mpaka chumba chake kikanuka kama genge.

Siku moja, bado jicho lina bandeji, nikiwa namkatia papai, akaingia mgeni. Alikuwa yule mlezi wa bweni, amerudi kutoka likizo. Mama mpana, wa kucheka kwa sauti, mkono mmoja kapu la ndizi. Akakaa kitandani miguuni kwa shangazi, akamshika mkono.

"Pole, Shangazi wangu. Ningekuwapo mimi, yasingekukuta haya ya magunia. Huyo waliyemweka hana utu."

"Amefanya kazi yake tu," shangazi akasema.

"Kazi gani! Si angeyarekebisha kimyakimya kama sisi? Mimi na wasichana wangu wa bweni jioni tunakaa, huyu mfuko, huyu kola, tunapiga soga, kesho yamenyooka. Karibu miaka miwili nafanya hivyo. Umewahi kunisikia nikilalamika?"

Kisu changu kilikuwa katikati ya papai. Kikabaki hapo.

"Miaka miwili," shangazi akasema.

"Basi! Nilijua ni macho. Makosa yenyewe yalikuwa upande mmoja tu, wa kushoto. Nikajisemea, mama wa watu, nikimrudishia atafukuzwa. Nikakusitiri." Akampigapiga mkono. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetoa sadaka na leo ameruhusiwa kuitaja.

Shangazi hakumwondolea mkono. "Asante, mwanangu," akasema. "Mungu akulipe." Akaniambia nimpe mgeni papai, wakaongea habari za mama yake mgonjwa, wakaagana vizuri. Nikamsindikiza mgeni hadi mlangoni, nimebana midomo mpaka inauma.

Niliporudi shangazi alikuwa amegeukia ukutani.

"Angenirudishia hata moja," akasema. "Moja tu. Ningekwenda siku ile ile."

Nilivuta pumzi nimjibu. Nilikuwa na maneno, na nilikuwa nayo tangu siku ya kanga. Akainua kiganja bila kugeuka.

"Unachotaka kusema nakijua. Usikiseme."

Sikukisema. Akalia, na daktari alikuwa amekataza asilie, na mimi nikalia pia, kwa hasira kuliko kwa huruma, sijui nimkasirikie nani. Yule mama alikuwa mwema. Wote walikuwa wema. Jicho lilikuwa limeondoka katikati ya watu wema watupu.

Alirudi kazini kabla bosi hajamtarajia. Bosi alimpa kiti cha kupokea simu, apumzike. Akakataa, akaitaka meza yake. Walimpokea kwa vigelegele, na mezani chungwa lilikuwa limeshamenywa. Profesa alipiga mluzi asubuhi nzima, na nikaona dada wa mifuko ameanza tena kusimulia harusi.

Ikafika kola ya kwanza. Shangazi akaigeuza, akaisogeza kwenye jicho moja, akaitazama sana. Kisha akasimama. Chumba chote kilidhani anakwenda msalani. Alipita cherehani baada ya cherehani, bega la kushoto likigusa mgongo wa huyu na wa yule, akaja kusimama kwa Profesa, akamwekea shati mapajani.

"Imepinda. Fumua."

Mluzi ukakatika. Profesa alilitazama shati, akamtazama yeye, na uso wake mnene ukawa wa mtoto aliyefukuzwa nyumbani.

"Shangazi, mimi nimekukosea nini? Ni yale maneno ya siku ile?"

"Hujanikosea."

"Sasa mbona unanirudishia? Umenichukia?"

Hakuna cherehani kilichokuwa kikifanya kazi. Nikajua kwamba shangazi angeweza hata wakati ule kulichukua shati, aseme haya lete, aende nalo kule kwenye kona yake, na chumba kizima kingempenda upya. Nilitamani afanye hivyo, nisidanganye. Ilikuwa taabu kumtazama.

"Sijakuchukia," akasema. Akainama, akaweka kidole juu ya kola. "Mshono umekukimbia hapa. Anzia hapa."

Profesa akaikodolea macho kola. Kidole cha shangazi kilikuwa kimetua kwenye mshono mzuri, ulionyooka, inchi nzima kutoka kwenye kosa. Akamtazama usoni. Kisha akakishika kile kidole, akakisogeza taratibu kando, upande wa kushoto.

"Si hapo, Shangazi," akasema. "Ni hapa."

Shangazi akapapasa kwa ncha ya kidole mpaka akausikia.

"Ehe," akasema. "Hapo."