Chi Yangu Iko Lambwe

Mke wangu aliondoka kwa sababu ya chumvi. Watu wa kwetu Sori watakwambia ni hasira zangu, lakini mimi ndiye niliyekuwa mezani, na nasema ni chumvi. Daktari alikuwa amenipima presha, akatikisa kichwa, akaamuru nipunguziwe chumvi. Mke wangu akatii. Nikaonja omena, nikamuuliza kama amepika samaki au amepika majani ya paa, kisha nikairusha sahani nje, mbele ya dada yake aliyekuja kututembelea. Kuku wa jirani walifurahi sana. Kesho yake alifunga mzigo akaenda kwa kaka yake, Lambwe.

Nimesaga mahindi ya watu miaka thelathini. Ukiishi na mashine ile inayonguruma, unazoea kupaza sauti, na mwisho hujui tena ni wakati gani unaongea na ni wakati gani unagomba. Hilo nililielewa baadaye. Siku ile nilisema tu, aende, atarudi mwenyewe. Miezi miwili ikapita. Nikawa najisongea ugali, na ugali wangu, yawa, hata mbwa aliuzunguka kwanza kabla ya kuamua. Presha ikapanda zaidi.

Basi sista wa zahanati akaniingiza kwenye kikundi cha wagonjwa wa presha, kila Alhamisi asubuhi, uwanjani nyuma ya zahanati. Alikuwa msichana wa Taita, mgeni kwetu, na Kidholuo chake kiliishia kwenye salamu. Alitufundisha mazoezi ya Kichina yanayoitwa chigong. Unasimama, unakunja magoti kidogo, unainua mikono polepole kama unapokea mtoto aliyelala, huku unapumua. Tulikuwa akina mama tisa na mimi.

"Mwilini mna nguvu ya uhai," alitwambia siku ya kwanza. "Wachina wanaiita chi."

Akina mama wakatazamana. Kwetu, kwa Kidholuo, chi ni mke. Ukisema chi wa fulani, umemtaja mke wa fulani, hakuna maana nyingine.

Sista akanigeukia kwa upole. "Mzee, naona umekakamaa. Hebu tafuta ndani yako. Chi yako iko wapi?"

Masikio yakaniwaka moto. Nani amempelekea huyu mtoto wa watu habari za nyumba yangu?

"Iko Lambwe!" akajibu muuza samaki mmoja nyuma yangu.

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye nyasi. Sista, maskini, akadhani mazoezi yameanza kuwachangamsha. Akaendelea.

"Msiilazimishe. Chi ukiikaba, inakimbia."

"Kweli kabisa!" wakaitikia, utadhani wako kanisani.

"Legeza mabega, mzee. Fungua ngumi. Ukitulia, itarudi."

"Amina!"

Niliondoka nimefura, nikaapa sikanyagi tena pale. Lakini jioni, nikisonga ule ugali wa mbwa, nilijitazama mkono. Kweli nilikuwa nimeukaba mwiko utafikiri nataka kupigana na sufuria. Nikaulegeza. Alhamisi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kufika.

Habari zikaenea. Sokoni nikipita naulizwa, "Mzee, chi imerudi?" Zamani ningejibu kwa matusi. Sasa navuta pumzi, naitoa, nanunua nyanya zangu naenda. Hasira zilikuwapo, nisikudanganye, ila sasa nilizisikia zikija kabla hazijafika mdomoni.

Wiki ya tano shemeji akapiga simu. Ndiye huyo kaka yake mke wangu.

"Shemeji, tumesikia unamtafuta dada yangu kwa kupumua," akasema. "Huku Lambwe hiyo pumzi haijafika. Njoo kwa miguu."

Nikafunga mashine siku nzima, nikaenda. Nilibeba sukari, majani ya chai, mkate mkubwa na sabuni. Chumvi sikuigusa, ina historia. Njiani nilipanga maneno mazuri ya kiutu uzima, na nilipomwona mke wangu akitoka jikoni yote yakapotea. Alikuwa amenenepa kidogo. Nikaumia kuona vile kukaa mbali nami kumemfaa.

Alinisalimu kama mgeni. Akaleta ugali na kuku, akasimama pale pale, mikono kiunoni.

Nikaonja. Yawa! Hakukuwa na chumvi kabisa. Kuku mzima, amekufa bure.

Nikazisikia hasira zinakuja, kutoka tumboni, zikapita kifuani, zikafika shingoni. Nikaiinua mikono polepole. Shemeji akaisogeza sahani yangu mbali haraka. Nikaishusha mikono, nikapumua, nikaivuta sahani, nikala kipande cha pili.

"Chumvi imetosha?" mke wangu akauliza.

"Imetosha."

"Mwongo. Sikutia hata chembe."

"Najua," nikasema, na sauti ikanitoka nyembamba, si ya mtu wa mashine. "Nisamehe, mama. Ile sahani nilikosa. Nyumba imenishinda bila wewe."

Akarudi jikoni, akakawia huko mpaka shemeji akaanza kunizungumzia habari za mbuzi. Alipotoka alikuwa amebana chumvi kidogo kati ya vidole viwili. Akainyunyiza juu ya nyama yangu.

"Hiki ndicho kipimo cha daktari," akasema. "Kile cha kwanza kilikuwa changu."

Kisha akavuta kiti, akaketi karibu nami, akachukua kipande kutoka sahani yangu, akala.