Kitovu Kilichoniangukia

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, huko Runzewe, mama alijifungua mdogo wangu, na bibi mzaa baba akahamia chumbani kwa mama. Alikilinda kitovu cha yule kichanga kama askari wa benki. Kwetu inaaminika kwamba kitovu kikikauka kikadondokea uume wa mtoto, mtoto huyo hatazaa. Mama hakuruhusiwa hata kumwogesha.

Nikauliza kwa nini. Bibi akajibu mbele ya mama, bila kupunguza sauti.

"Chako mama yako alikiachia, akalala usingizi. Kikakudondokea hukohuko. Wewe mjukuu wangu umeishia hapo."

Mama alikuwa ananyonyesha. Hakuinua uso.

Mimi nilicheka. Kuchekesha watu ndiyo kazi yangu hadi leo, na nadhani niliianza siku ile: nilizunguka kwa majirani nikijitangaza kuwa dume la maonyesho, si la mbegu, kula na kulala tu. Watu walishika mbavu. Sikujua kwamba waliyekuwa wanamcheka ni mama.

Nikakua, nikaoa, nikahamia Shinyanga. Miaka saba, hakuna mtoto. Mke wangu alipimwa mpaka akachoka, akaonekana mzima. Zamu yangu ilipofika, daktari akaniambia mbegu ninazo, ila mirija ya kuzipitisha haikuumbwa. Ni kasoro ya kuzaliwa nayo, akasema, tena ya kurithi. Yawezekana baba alibeba nusu na mama nusu, wasijue. Nikamuuliza kuhusu kitovu. Akasema hakihusiki kabisa.

Huenda mimi ni mwanamume wa kwanza kupewa majibu kama yale akakimbilia kituo cha mabasi kwa furaha. Bibi na baba walishafariki, lakini mama alikuwa bado hawezi kumtazama mke wangu usoni.

Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwamkia, nikakaa.

"Mayu, si kitovu," nikamwambia mama. "Hukunikosea. Niliumbwa hivi tangu tumboni."

Vidole vyake vikasimama kwenye ungo.

"Tumboni mwa nani?"

Mimi ninayelipwa kwa majibu ya papo kwa papo, nikakimbilia kumweleza kuwa nusu ilitoka kwa marehemu baba. Akanisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni. Bibi alimlaumu kwa usingizi wa siku moja. Mimi, kwa nia njema kabisa, nilimpelekea miezi tisa.