Kofia Yenye Kiraka Chekundu

Katika kijiji chetu cha wachimba makaa, Drumlaw, mwanamume hatoki nje bila bunnet, kofia yetu bapa ya sufu. Huivua kanisani, kitandani na ndani ya jeneza, basi. Kwa hiyo Wattie Caldow, aliyetembea kichwa wazi mvuani na thelujini kwa miaka kumi na saba, alikuwa kioja. Wachimba makaa wenzake hawakumwacha apumue.

"Wattie! Kipara hicho umekianika?"

"Nakipa hewa. Chako kinanuka."

Watu walisema ni majonzi ya kaka yake, Hew, aliyefia mgodini. Majonzi yalikuwepo, lakini kulikuwa na jambo lingine baya zaidi, ambalo Wattie alilimeza peke yake.

Zamani zile alikaa nyumbani kwa Hew na mkewe, Mirren. Kofia za ndugu hao zilishonwa kwa kitambaa kimoja, zikatundikwa kwenye misumari miwili nyuma ya mlango. Ya Wattie ilipochanika bitana, mama yao aliitia kiraka cha flana nyekundu, alichokata kwenye gagulo lake kuukuu. Alfajiri moja Hew alipapasa gizani, akachukua isiyo yake, akaenda zake kazini. Wattie wa zamu ya mchana akaamka, akaikuta ya kaka yake msumarini. Alicheka. Uji haujapoa, king'ora cha mgodi kikalia. Maji ya mashimo ya kale yalikuwa yamebomoa ukuta, na watu watatu, Hew mmojawao, walikuwa ng'ambo ya pili. Hawakupatikana, na shimo likazibwa.

Wachimbaji wa Drumlaw wana imani yao, na kama hujawahi kushuka chini usiwacheke: mgodi humjua mtu kwa kofia yake. Ukishuka na ya mwenzio, umeitikia wito wake. Wattie aliamini kwamba maji yalimjia yeye yakampata kaka yake, na kwamba siku yatakapogundua kosa yatairudisha kofia juu na kumdai mwenyewe. Akaificha ya Hew sandukuni, akadai ya kwake ameitupa shimoni kwa uchungu, akaapa kutovaa nyingine ili mgodi usimjue, akahamia chumba cha peke yake mwisho wa safu. Haikumsaidia kitu. Mara kwa mara, mchana kweupe, kijiko kikiwa mkononi, alisikia tone la maji baridi likimdondokea utosini. Alipojipangusa, kiganja kilikuwa kikavu. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu ilimzeesha.

Kisha wenye mgodi wakalivuta maji shimo lile, wakawapata wale watatu. Ilikuwa mifupa tu, kila mmoja na kofia yake. Msimamizi, Mungo Nisbet, alizipanga mezani kwenye banda la kugawia taa za wachimbaji akawaita jamaa zao, maana hapakuwa na alama nyingine ya kumjua nani ni nani. Familia ya Geddes waliitambua ya kwao kwa kifungo. Zikabaki mbili, na wanawake wawili: Mirren, na Bi Lockhart, kikongwe aliyempoteza mwanawe wa pekee.

Mirren alizigeuza zote mbili, akaikamata ile yenye bitana nzima.

"Hii. Hew wangu hakuwa na kiraka."

Bi Lockhart aliitazama ile nyekundu. "Mimi sikumshonea mwanangu nyekundu," alisema polepole. "Lakini kama ndiyo iliyobaki, bwana Nisbet, nipe nimzike. Nimechoka kungoja."

Wattie alisimama mlangoni, lile tone likimdondokea utosini. Angenyamaza, nani angejua? Wanawake wawili wangelilia makaburi yasiyo yao mpaka kufa, naye angebaki salama. Alitamani kunyamaza, tena sana. Akapiga moyo konde.

"Shemeji, mpe Bi Lockhart hiyo. Ni ya mwanawe."

"Wewe umejuaje?"

"Hiyo nyekundu ni gagulo la mama yetu. Kofia ni yangu. Hew alichukua yangu asubuhi ile."

Nisbet aliondoa mkono wake mezani kana kwamba meza imepata moto.

"Miaka yote hii, Wattie?" Mirren akauliza.

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa itanirudia."

Mirren alimkabidhi Bi Lockhart kofia ya mwanawe, akamfunga vidole juu yake. Kisha akaichukua ile yenye kiraka, iliyolowa, nyeusi tii. Hakulia.

"Inama."

"Mirren, tafadhali. Zika nayo, choma, fanya utakalo—"

"Inama, nimesema! Nilikuwa nimelala Hew alipotoka. Sikumwona."

Basi Wattie akainama. Mirren alimvika kwa mikono miwili, na maji ya shimo yakamtiririka shingoni mpaka mgongoni. Akamnyoosha ukingo kwa kidole gumba, akarudi nyuma hatua moja, akamtazama kama mke amtazamavyo mumewe mlangoni.

"Mbona hukuniamsha, Hew?"

Wattie alifungua mdomo amwambie kwamba yeye si Hew.

"Lala tu, mpenzi," akajikuta anasema. "Bado giza."

Bi Lockhart akaidondosha kofia ya mwanawe sakafuni, kwa maana alimjua Hew Caldow tangu utotoni, na sauti ile ilikuwa yake.